Mkamwana Asiyesalimia

Mdogo wangu Tusekile hasalimii. Naanza na hilo kwa sababu kwetu Ibaba wangeanza na hilo hata kama angekuwa ameua simba. Ukishuka njia ya kwetu asubuhi, kabla hujafika kisimani umeshasalimiwa na watu sita, na wa mwisho yuko ng'ambo ya bonde anakupigia kelele usije ukapita bila kumsikia. Mtoto wa kike anapiga goti, anashusha macho, anangoja aitikiwe, ndipo anainuka. Tusekile alikuwa anapita tu. Anatazama ukingo wa njia, anapita, na mama yangu nyuma yake anasalimia kwa niaba ya wawili.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," wanawake walimwambia mama, kwa ile sauti ya upole inayochoma. Mama alilea watoto watano. Wanne tunasalimia mpaka mbuzi. Lakini nani anahesabu wanne?

Alichelewa kusema. Alipofika miaka mitano ndipo tukasikia neno lake la kwanza, nalo lilikuwa "zima", akiiambia redio ya baba. Ugali ukiguswa na mchuzi wa maharage hali. Kengele ya kanisa ikilia anajifunika kitenge cha mama na kulia mpaka ibada iishe. Watu wakasema ana mapepo, akaombewa. Wengine wakasema amerogwa, akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale mbili kila kifundo cha mkono. Zipo hadi leo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikamshika miguu wakati anachanjwa, na sijajisamehe.

Shuleni alikula fimbo za darasa zima. "Niangalie ninapoongea na wewe!" mwalimu anapaza sauti, na yeye anatazama ubao. Siku moja akamwambia mwalimu huyohuyo, bila hata kusimama, kwamba hesabu aliyoiandika ubaoni ina kosa mstari wa tatu. Kosa lilikuwepo. Fimbo zilikuwa nne. Alipomaliza la saba, mama alinikalisha jikoni, akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa akilitafuna kwa miaka. "Gwantwa, wewe nitakufa nikijua utakula wapi. Huyu sijui nyumba itakayomvumilia. Kwa wazazi mtu hakai milele, na kwa ndugu mtu hakai bila kusemwa. Mtafutie mahali ambapo hakuna wa kumwambia toka."

Basi nikalibeba hilo. Nikaondoka naye kwenda Tunduma.

Anayeijua Tunduma atacheka. Mtu asiyeweza kengele ya kanisa, nikampeleka kwenye foleni ya malori ya Zambia! Honi tangu alfajiri, wabadilisha fedha wanaitana, jenereta za majirani. Mimi nilikuwa na duka la vitenge karibu na barabara ya mpakani, na nikadhani, kwa ujinga wangu wa mfanyabiashara, kwamba watu wengi watamchangamsha. Nikamweka mbele dukani. Siku ya pili akaingia mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, mnunuzi mzuri, akasalimia, "Mulishani, bamayo!" Kimya. Mama akashika kitenge cha kijani, akakisifia, na hapo ndipo mdogo wangu akafungua kinywa. "Hicho kinachuja," akasema. "Ukifua mara mbili kitakuwa kijivu."

Kilikuwa kinachuja kweli. Nilitamani nimrushe Nakonde.

Nikamhamishia chumba cha nyuma, kwenye cherehani. Na hapo, sifa zote kwa Mungu, tukapatana. Nilimfundisha kushona sketi za shule za marinda, na yeye akaniuliza marinda yawe na upana gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia kwa kubahatisha, na tangu siku hiyo kila rinda la kila sketi iliyotoka chumba kile lilikuwa na upana uleule. Mavazi mengine yalimchosha kwa sababu kila mteja ana maneno yake. Sare zilimfurahisha. Shule zikaanza kuja, kisha kwaya, na baada ya miaka michache watu wakawa wanauliza duka la yule fundi asiyesema, siyo duka la Gwantwa.

Mwaka 2019 alianguka sokoni. Nilimtuma nyuzi siku ya mnada, ujinga wangu wa pili, na spika za mnada zikawashwa karibu naye. Nilipofika alikuwa amejikunja chini, mikono masikioni, anapiga kelele, na wanaume wawili wa maombi wamemkandamiza wanafukuza shetani. Nikawafukuza wao. Kesho yake nikampeleka Mbeya, hospitali, nikakutana na daktari wa kike, binti mdogo tu, ambaye alituuliza maswali asubuhi nzima: alianza lini kusema, anakula nini, anatazama nini, nguo gani zinamkera. Mwishoni akasema ni usonji. Akasema hakuna mtu aliyemroga, hakuna mtu aliyemlea vibaya, na si ugonjwa wa kuponywa bali ni namna ubongo wake ulivyo tangu tumboni.

Tusekile akamwomba aandike. Daktari akaandika kwenye karatasi, na mdogo wangu akaisoma pale pale mara tatu.

"Kwa hiyo siyo ukaidi," akasema.

"Siyo ukaidi," daktari akamjibu.

Mimi nililia kwenye korido ya hospitali mpaka mlinzi akanipa pole ya msiba. Halafu nikafuta machozi, na njiani kurudi, kabla hatujafika Nanyala, nilikuwa nimeshaamua kwamba lile neno litabaki ndani ya duka langu. Najua watu wetu. Ukiwaambia mtu mkaidi, watangoja abadilike. Ukiwaambia ubongo, wanaanza kuhesabu ukoo wenu kurudi nyuma vizazi saba, na hakuna atakayekuja kuposa. Nikamwambia Tusekile: "Hii karatasi ni yako na yangu. Usiseme." Hakujibu, na mimi nikachukulia kwamba amekubali.

Lwitiko alikuja kwa ajili ya kwaya. Ni fundi wa mashine za kukoboa kahawa, wa Ihanda, mrefu, mpole, mikono haitoki mafuta. Alileta vipimo vya sare za waimbaji ishirini na wawili. Tusekile akaipitia orodha, akatoka chumba cha nyuma, kitu ambacho hafanyi, akamwambia kwamba namba kumi na nne hawezi kuwa binadamu kwa mabega yale. Lwitiko akacheka, akaenda, akarudi na kipimo kipya. Akarudi tena na kipimo ambacho hakikuwa na kosa lolote. Mara ya nne alileta vile vifuniko vya masikio wanavyovaa watu wa mashine kubwa, akaviweka mezani, akasema, "Kwa ajili ya honi." Akaondoka. Tusekile akavivaa siku nzima, na jioni akaniambia kwamba yule mtu anaongea maneno machache na yote yana kazi.

Siku Lwitiko alipomwambia kwamba anampenda, Tusekile akamwonyesha karatasi ya daktari. Mimi sikujua. Lwitiko akaisoma, akamuuliza anapenda nyumba ya namna gani, naye akamjibu: isiyo barabarani.

Sasa nifike kwenye mila, kwa maana bila mila hii hakuna habari. Ukoo wa Lwitiko asili yao ni Ileje kama sisi, babu yao alihamia Ihanda kulima kahawa, na watu waliohama wanashika mila kuliko tuliobaki. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akimsikia anakuja, anatoka njiani, anachuchumaa, anajifunika kitenge, anatazama pembeni mpaka apite. Hamwangalii usoni, hamsalimii, hataji jina lake, haingii alipo. Chakula chake kinapitia mikono ya mtu mwingine. Huo ndio mwiko, na ndiyo heshima kubwa kuliko zote.

Siku tatu kabla ya ndoa, wifi yake Jenista, dada mkubwa wa Lwitiko, alikuja Tunduma kumfunda. Jenista ni mwanamke wa kuogopwa, anaongea kama anagawa adhabu. Akaanza kutaja sheria. Tusekile akanyanyuka, akachukua daftari, akaandika. Zilikuwa kumi na moja. Halafu akauliza, "Na nikikutana naye katikati ya daraja la mti, hakuna pa kupishia?"

Jenista akapiga simu Ihanda. Wazee wakajadili, nasikia kulikuwa na mabishano makali, jibu likaja jioni: arudi mwanzo wa daraja. Tusekile akaandika sheria ya kumi na mbili, akapiga mstari chini.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, kisha nikaona kitu usoni mwake ambacho sikukijua. Alikuwa na raha. Maisha yake yote watu walimdai adabu bila kumwambia adabu ni nini hasa, wanataka aijue tu kama wao walivyoijua. Huyu Jenista mkali ndiye mtu wa kwanza kumtajia sheria moja baada ya nyingine, na hata kwenda kuuliza ile aliyokuwa haijui. Na sheria zenyewe! Usimwangalie mtu. Usisalimie. Pita pembeni. Nilikwenda chooni nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Miaka miwili Ihanda walimwimba. "Mke wa Lwitiko ana adabu ya zamani." "Hainui macho!" Wenye wakamwana wakorofi waliwaambia nendeni mkajifunze kwa yule. Wake wengine hulegea baada ya mwaka, mwiko unabaki wa mbele ya wageni tu. Yeye alifuata sheria ya kumi na mbili hata siku daraja lilipokuwa na matope. Mama yangu alikuja kumtembelea, akasifiwa malezi na mwanamke asiyemjua njiani, akaja jikoni kwangu Tunduma akanisimulia. Aliyasubiri maneno yale miaka ishirini na mitano, na alipoyapata yalikuwa ya uongo, na bado yalimfurahisha. Hata mimi yalinifurahisha. Lakini kila nikisikia sifa niliogopa, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa na nyumba ambayo watu wake walimpenda kwa kosa.

Mwaka jana mwezi wa tano, mama mkwe wake aliteleza akivuna kahawa, akavunjika nyonga. Akalazwa, akarudishwa alale nyumbani kwa Lwitiko. Jenista yuko kwake na watoto wake. Nani atampelekea baba mkwe, Mzee Enoka, chakula? Nani atamuuliza anataka nini? Wazee wakakaa, wakasema mwiko ufunguliwe. Hilo lipo kwetu, kwa wakamwana wengi ni siku ya furaha. Baba mkwe anakaa mbele ya watu, anampa mkamwana kitenge na kuku, anamwambia kuanzia leo wewe ni mwanangu. Mkamwana anamtazama usoni, anamsalimia kwa mara ya kwanza, anampa mkono, anamwandalia chakula, na kuanzia hapo ni salamu asubuhi na jioni na maneno yote ya nyumbani.

Jenista alinipigia simu kunialika, ana furaha. Nilikata simu nikakaa chini. Mwiko ule ulikuwa paa la mdogo wangu, na walikuwa wanakwenda kuliezua kwa nderemo. Wiki ya kwanza bila mwiko wangemwona mwanamke anayepita mbele ya baba mkwe wake mgonjwa wa miguu bila hata shikamoo, na wangesema alikuwa anaigiza. Na mwanamke aliyeigiza heshima anarudishwa kwao.

Nikampigia kila siku. "Sema 'Shikamoo baba' tu. Maneno mawili. Mtazame kwenye paji la uso, hatajua."

"Atadhani namtazama machoni," akasema.

"Ndiyo!"

"Huko ni kudanganya."

"Tusekile, nitakufa."

"Hutakufa," akasema. Akakata.

Jumamosi nikaenda Ihanda. Kahawa ilikuwa imeiva, miti imejaa tunda jekundu mpaka nyuma ya nyumba, na uani wamepanga viti vya plastiki vya kanisani, watu kama arobaini. Mzee Enoka amekaa mbele, koti la ibada, fimbo katikati ya magoti. Ni mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndogo. Nilimwogopa zaidi kwa hiyo sauti. Nikakaa mstari wa mbele nikiwa tayari kuruka na kuongea badala ya mdogo wangu, kazi niliyoifanya tangu nina miaka kumi.

Tusekile akatoka na sinia la chakula. Akasimama hatua tatu kutoka kwa mzee, amempa ubavu, anatazama kahawa. Mzee akasema maneno yake, kitenge kikatolewa, kuku akatolewa. "Kuanzia leo wewe ni mwanangu. Niangalie, mama."

Kuku peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema. Nikaanza kuinuka, na Tusekile akasema, "Dada, kaa."

Nikakaa.

"Baba," akasema, bado anatazama kahawa, kwa ile sauti yake ya kusoma orodha. "Mimi sisalimii. Siyo kwa sababu ya mwiko. Ibaba sikusalimia na Tunduma sikusalimia. Nina usonji. Ni namna ubongo wangu ulivyo, daktari aliandika, karatasi ninayo. Nikimtazama mtu machoni sisikii anachosema. Mmenisifu miaka miwili, na sheria zote kumi na mbili nimezifuata kwa heshima. Lakini macho yangu yangekuwa chini hata bila sheria. Leo mnafungua. Kesho nisipokusalimia utasema nimekudharau. Sijakudharau. Nimemaliza."

Arobaini wale walivuta pumzi kwa pamoja. Halafu wakaongea kwa pamoja.

"Kumbe mlijua!" Jenista alikuwa amesimama, kidole kwangu. "Dada Gwantwa! Mlijua na mkakaa kimya, nikamfunda hapo mbele yako, unanitazama tu!"

"Mimi nilijua kabla ya posa," Lwitiko akasema. Alikuwa amekwenda kusimama karibu na mkewe, vile vifuniko vya masikio mkononi, akampa akavivaa. "Ananitosha, dada."

"Wewe nyamaza! Namuuliza huyu!"

Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimefika mwisho wangu. Nilipaswa kusema samahani. Badala yake nikamwambia Jenista kwamba hatukuwaomba mtuoe, mlikuja wenyewe na kuku zenu, na kama mnamwona mtu ni mzigo basi mzigo wenu nautua sasa hivi. Maneno mengine siyaandiki. Nikaingia ndani, nikiwa nawaka, nikaenda chumbani kwake, nikafungua kabati, nikachukua begi kubwa nililokuja nalo, nikaanza kujaza nguo zake. Nilikuwa nalia kwa hasira. Mama aliniomba kitu kimoja tu.

Nyumba zetu kuta za ndani hazifiki juu. Sauti ikatoka chumba cha pili.

"Nani huyo anafungua kabati?"

"Ni mimi mama, Gwantwa. Namfungasha mdogo wangu."

"Aende wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?" mama mkwe akauliza, na mimi nikasimama na gauni mkononi. "Mwanangu, nimesikia yote, dirisha liko wazi. Wiki ya saba nimelala hapa. Kila baada ya saa mbili anakuja kunigeuza. Siyo kama saa mbili hivi. Saa mbili. Sijapata kidonda hata kimoja, na muuguzi alinitisha vidonda. Hajaniuliza umeamkaje hata siku moja. Wa kuniuliza niliamkaje ni wengi sana. Wanakaa hapo mlangoni, wananipa pole, wanaondoka, na mimi sijageuzwa. Unadhani sijui nimeishi na mtu wa namna gani? Acha kabati la watu."

Sikuliacha. Niliogopa mno kuliacha. Kwani yeye ni mgonjwa, atafanya nini mzee akiamua kumrudisha Tusekile? Nikaendelea kujaza. Ndipo nikasikia huko nje kelele zimekatika, nikaenda dirishani.

Mzee Enoka alikuwa ameinua fimbo. "Tusekile," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akitaja jina lake. "Hutaki kuniangalia. Je, kuongea na mimi unataka?"

"Nataka," Tusekile akasema. "Nina maswali miaka miwili. Kwa nini kahawa ya upande wa juu haijakatwa matawi tangu nimekuja? Ya chini imekatwa mara mbili."

Nikafumba macho. Kila mtu Ihanda alikuwa ameona shamba la juu linaharibika, na hakuna aliyethubutu kumgusia mzee.

"Kwa sababu miguu inaniuma, siwezi kupanda huko," Mzee Enoka akasema taratibu, "na nilikuwa nangoja mtu aniulize." Kisha akasema, "Lwitiko, geuza hiki kiti."

"Kiende wapi, baba?"

"Kitazame kahawa."

Lwitiko akamwinua, akageuza kiti, mzee akakaa na mgongo wake kwa wageni wote arobaini. Shangazi yake mmoja, bibi kizee, akapiga ukelele. "Enoka! Unawapa watu mgongo!"

"Uso wangu wameutazama miaka sabini, shangazi, wameuchoka," akasema. "Mwiko ulikuwa wa kutunza heshima ya mtu na mkwewe. Huyu ameitunza. Sasa tutakaa hivi, yeye asinitazame na mimi nisimtazame, na tutaongea. Asiyependa, chakula kipo, ale aende. Lete sinia, mwanangu."

Tusekile akaleta sinia, akaliweka, akavuta kigoda akakaa kando yake, wote wawili wanatazama miti. Akampakulia. Ugali upande mmoja, mboga upande mwingine, havigusani. Mzee akaangalia ile sahani, akaanza kula. Nikamsikia Tusekile anauliza swali la pili, na la tatu, na mzee anajibu na mdomo umejaa, na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka. Jenista alisimama pale pale alipokuwa amesimama, kisha akaanza kugawa sahani kwa wageni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mimi na yeye tulichukua miezi kupatana, midomo yetu inafanana.

Nililia tena, lakini sasa sikuwa na hasira. Nilikuwa na furaha. Nilitumia miaka yangu yote kumfundisha kujificha, na yeye alikuwa amesimama mbele ya ukoo mzima akajitaja.

Nikasikia hatua zake mlangoni. Alikuja kuchukua chumvi, akapita chumbani, akaona kabati liko wazi na begi limejaa juu ya kitanda.

"Unafanya nini?"

"Nilidhani watakufukuza," nikasema.

Akavua vifuniko vya masikio, akavitundika msumarini. Akaanza kutoa nguo begini, moja moja. Vitenge chini, magauni juu, sweta peke yake. Sikuthubutu kumsaidia. Alipomaliza, akalikung'uta begi, akalikunja, akanipa.

"Ulisema nisiseme," akasema, anatazama kabati. "Nimesema. Hapa ni kwangu. Hili begi ni lako. Chakula kinapoa."

Akaenda na chumvi yake. Nikalibana begi kwapani, nikatoka nje, nikala.